Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Kinanda cha Mjomba na Sauti ya Kukhu

Katika vikao vya chama chetu cha Kiswahili, kila inapozuka mada ya fasihi simulizi, hakosi kupatikana mshtakiwa mmoja asiyekuwa na wakili. Mshtakiwa huyo ni mashine. Redio, tunaambiwa, imeua ngano za jioni. Televisheni imewanyamazisha akina nyanya. Kinanda cha umeme kimeifukuza ngoma kanisani na arusini. Mashtaka hayo si ya uongo mtupu, nami sikusudii kuyafuta. Hata hivyo, wahenga walitufunza kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Katika insha hii ningependa kumpa haki yake mnyonge mmoja wa plastiki, mwenye urefu unaokaribia rula ya mwanafunzi, ambaye alikuja nyumbani kwa akina mama kule Shinyalu, wilaya ya Kakamega wakati huo, akatoweka kabla sijamaliza shule ya msingi, kisha miaka thelathini na ushei baadaye akaitwa kutoa ushahidi.

Tuanze na jina lenyewe, maadamu sisi ni watu wa lugha. Neno kinanda limebeba mizigo mingi. Katika mwambao limewahi kutumiwa kwa gambusi, yaani ala ndogo ya nyuzi iliyowambwa ngozi, na hata kwa muziki wenyewe uliopigwa kwa ala hiyo. Wamisionari walipoleta ala zao za kanisani, nazo zikaitwa vinanda. Piano ilipofika ikaitwa kinanda. Santuri ilipofika, watu wakasema kinanda cha santuri. Kwa hiyo anayekuambia, “Palikuwa na kinanda nyumbani,” bado hajakuambia kitu. Lakini sisi watoto tuliokuwa tukienda kwa Kukhu wakati wa likizo (Kukhu ndilo jina tunalowaitia nyanya zetu huku kwetu) hatukuwa na shaka. Kinanda kilikuwa kimoja tu duniani, nacho kilikuwa cha Mjomba.

Mjomba alikuwa karani jijini Nairobi. Krismasi ya mwaka 1984 alikuja na kitu cha rangi ya maziwa, chepesi, kinachotumia betri ndogo za tochi. Hakikuwa na vibao virefu kama vya kinanda cha kanisani, bali vibonye vidogo mithili ya vile vya kikokotoo. Tena kilikuwa kikokotoo kweli! Juu yake palikuwa na kioo chembamba kilichoonyesha tarakimu. Mchana Mjomba alikitumia kupigia hesabu za mbolea na karo. Usiku alikisogezea swichi upande wa pili, kikaimba. Upande wa kulia wa kumbukumbu yangu, kama naweza kusema hivyo, yamechorwa majina kumi ya midundo iliyokuwa ndani yake. Hatukujua maana ya hata jina moja. Tuliyasoma kwa Kiingereza chetu cha darasa la pili, tukayakariri kwa mpangilio wake, tukayageuza kuwa wimbo wa kumchagua atakayefumba macho katika mchezo wa kujificha: machi, wolzi, fo-biti, swingi, roki wani, roki tuu, bosanova, samba, rumba, begini. Aliyeangukiwa na begini ndiye aliyefumba macho. Nimekutana na ndugu zangu wazee wenye mvi ambao hadi leo wanaweza kuyataja majina hayo bila kukosa, ilhali wamesahau majina ya walimu wao.

Mwaka uliofuata Mjomba alikuja na chombo kingine, redio ya kaseti, akamrekodi mama yake. Kukhu aliimba bembelezi moja ya Lwisukha huku Mjomba akimwekea mdundo wa kinanda. Kukhu alifariki mwaka 1991. Mjomba naye alitutoka mwaka 1998. Kinanda kilikuwa kimekwisha kufunguliwa na fundi wa redio sokoni na kugawanywa viungo kama kuku wa sikukuu. Kilichobaki ni kanda moja ya kaseti, iliyohifadhiwa na mama mdogo wangu katika bati la majani chai.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nikitafute kinanda hicho. Mwaka 2021 ulitimiza miaka thelathini tangu Kukhu azikwe, na ukoo ukaamua kufanya ukumbusho. Wajukuu na vitukuu waliozaliwa baada yake walitaka kuisikia sauti yake. Kanda ikatolewa katika bati, ikapelekwa mjini Kakamega, ikanakiliwa kwenye kompyuta. Tulipoisikiliza, pakazuka mtafaruku. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na ya haraka, kama ya msichana wa miaka kumi na minne. Mama Mkubwa, ambaye ndiye kifungua mimba wa Kukhu na aliyekuwa amevuka miaka themanini, alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

“Huyo si mama,” alisema. “Mama hakuwa na sauti ya ndege. Huyo ni binti wa jirani aliyekuwa akija kutwanga.”

“Lakini Mama Mkubwa,” mmoja wetu alijaribu kusema, “juu ya kanda pameandikwa kwa mkono wa Mjomba.”

“Mkono wa kaka yangu naujua. Masikio yangu pia nayajua. Msiniletee mtu mwingine mkaniambia ndiye mama yangu.”

Msomaji mpendwa, usidhani kuwa ulikuwa ubishi mdogo. Katika familia ile hapakuwa na picha yoyote ya Kukhu isipokuwa ile ya kitambulisho, wala hapakuwa na rekodi nyingine ya sauti yake. Bembelezi yenyewe ilitaja majina ya watu wa vizazi vitatu vya nyuma, mpangilio ambao hakuna mwingine katika ukoo aliyeukumbuka wote. Kama aliyeimba ni Kukhu, majina yale ni urithi. Kama ni binti wa jirani, majina yale huenda ni ya ukoo wa jirani. Upande mmoja, kumpinga Mama Mkubwa mbele ya wajukuu kungekuwa utovu wa adabu, na ni yeye aliyekuwa amemsikia Kukhu kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Upande wa pili, kumkubalia kulikuwa sawa na kumzika Kukhu mara ya pili. Shahidi wa pekee ambaye angeweza kuamua, yaani Mjomba, hakuwepo. Ukumbusho ukafanywa bila ya kanda.

Niliichukua nakala, nikawa naisikiliza usiku baada ya usiku. Mwanzoni mwake, kabla ya Kukhu kuanza, kinanda kinapiga wimbo mfupi. Utotoni nilikuwa nikiamini kuwa Mjomba ndiye aliyeupiga. Nikisikiliza kwa sikio la utu uzima, niliona kuwa haiwezekani. Mjomba alipiga kwa kidole kimoja, akijikwaa kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Wimbo ule ulikuwa hauna kosa hata moja. Hapo ndipo wazo liliponijia: wimbo huo haukuwa wa Mjomba, bali ulikuwa wa kinanda chenyewe, umewekwa ndani na waliokiunda ili mnunuzi aonje. Na kama ni hivyo, basi kila kinanda cha aina hiyo, kiwe Shinyalu au Tokyo, kinaupiga wimbo uleule kwa kidatu kilekile. Nikipata ndugu wa kinanda cha Mjomba, nitakuwa na kipimo. Tangu siku hiyo kukitambua kinanda hakukuwa tena suala la kutamani utoto. Kulikuwa kutafuta shahidi.

Kutambua kitu ulichokiona ukiwa na umri wa miaka minane si kazi nyepesi. Binamu yangu mmoja alishikilia kuwa kilikuwa Casio MT-40, na alikuwa na hadithi tamu ya kuupamba ushahidi wake. Kinanda hicho kilitoka mwaka 1981, na midundo yake iliandaliwa na binti wa Kijapani aitwaye Okuda Hiroko, aliyekuwa ametoka tu kuhitimu masomo ya muziki. Mdundo mmoja kati ya ile, ule ulioitwa “rock”, uliwafikia vijana wa Jamaika, na mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakautoa wimbo “Under Mi Sleng Teng” ambao ulibadilisha kabisa namna ya kutengeneza muziki wa rege. Ni hadithi ya kweli na ya kupendeza, nayo yatukumbusha kuwa nyuma ya kila mdundo wa mashine yupo mtu aliyeketi akaufikiria. Lakini MT-40 ina vibao halisi vya kinanda, na upande wa kushoto ina vibonye vya pekee vya sauti nzito. Zaidi ya hayo haipigi hesabu. Wengine walitaja vinanda vidogo vya Yamaha. Navyo havipigi hesabu.

Kikokotoo ndicho kilichoufungua mlango. Kampuni ya Casio, iliyoanzishwa Japani mwaka 1946, ilijipatia jina kwa vikokotoo kabla ya kugusa muziki. Kinanda chake cha kwanza, Casiotone 201, kilitoka mwaka 1980. Mapema katika muongo huohuo ikaziunganisha kazi zake mbili katika chombo kimoja kilichoitwa VL-1. Nilipoiona picha yake, vibonye vyake 29 na kioo chake cha tarakimu, moyo ulipiga. Hata hivyo picha si ushahidi, vitu hufanana. Niliyasoma maandishi yaliyokuwa juu ya chombo, nikayakuta majina kumi, na mpangilio wake ulikuwa ule wa mchezo wetu wa kujificha, kuanzia “march” hadi “beguine”. Wimbo wa watoto wasiojua Kiingereza ulikuwa umelihifadhi jina la mashine kwa miaka thelathini na sita. Wale wanaotilia shaka uwezo wa fasihi simulizi wa kuhifadhi habari walitafakari hilo.

Inafaa niyaseme machache kuhusu majina hayo, kwa kuwa yalitaka kunipoteza. Nilipokuwa nikiwauliza jamaa, mzee mmoja aliniambia kwa uhakika kuwa kinanda cha Mjomba “kilikuwa kile cha rumba, cha wanamuziki wa Zaire.” Kwa mtu wa Kakamega wa miaka ile, rumba ilikuwa muziki wa Franco na OK Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1956, au wa Super Mazembe na Les Mangelepa waliopiga Nairobi. Lakini bonyeza kibonye cha “rhumba” cha kinanda hicho, usitarajie Kinshasa. Utasikia mdundo wa kumbi za dansi za Ulaya na Marekani, ulioazimwa Kuba ukapunguzwa makali. Kuba hiyohiyo ndiyo iliyoipa Kongo jina na sahani za santuri tangu miaka ya 1930, na Wakongo wakazichukua wakazifanya zao. Kwa hiyo neno moja lilisafiri kwa njia mbili likafika Shinyalu likiwa watu wawili. Samba na bosanova zimetoka Brazili, begini visiwa vya Martinique na Guadeloupe, wolzi Austria na kusini mwa Ujerumani. Katika majina yote kumi hakuna hata moja lililotoka kwetu, ingawa Afrika imo katika damu ya mengi kati yake. Ukoo wa maneno, kama ukoo wa watu, haujulikani kwa kutazama sura pekee.

Kupitia kwa mwalimu mmoja wa muziki nilimpata mtu jijini Nairobi aliyekihifadhi kinanda cha aina hiyo, kingali kizima. Alinikubalia nikae nacho alasiri moja. Nilikiwasha, nikakisikiliza kikiupiga wimbo wake wa ndani. Ni wimbo wa kiasili wa Kijerumani uitwao “Unterlanders Heimweh”, na jina lake lahusu hamu ya mtu aliye mbali na kwao. Ulikuwa wimbo uleule wa kanda, noti kwa noti. Midundo nayo ilikuwa ileile, maana kinanda hicho kina sauti tatu tu za ngoma, na sikioni mwangu zinatamka “po”, “pi” na “sha”. Ni tanakali kamili. Utotoni ndivyo tulivyoziita.

Kisha nikapima. Nilicheza kanda na kinanda kwa zamu. Noti ya kwanza ya wimbo kwenye kanda haikulingana na noti ya kwanza ya kinanda. Ililingana na noti iliyo juu yake kwa hatua tatu, ukihesabu vibonye vyote vya juu na vya chini. Kwa saa nikaona kuwa kilichochukua sekunde 60 katika kinanda kilichukua karibu sekunde 50 katika kanda. Vipimo hivyo viwili vilisema neno moja, kwa kuwa katika kanda ya kaseti kasi na kidatu huenda pamoja kama pacha: ukiongeza kasi kwa sehemu moja ya tano, kidatu hupanda hatua tatu hivi. Kasi ya kinanda mtu aweza kuibadilisha apendavyo. Kidatu chake hakiwezi kusogezwa mbali kiasi hicho. Sababu ilikuwa wazi. Siku ile ya mwaka 1985 betri za redio ya kaseti zilikuwa zimechoka. Mota ilizunguka polepole, utepe ukapita polepole, na sauti zikabanwa katika utepe mfupi kuliko ilivyopasa. Ulipochezwa baadaye kwa mota yenye nguvu kamili, utepe ulikimbia, na kila kilichomo kikapanda juu: kinanda, makofi, jogoo wa uani, na sauti ya mwanamke.

Nilirudi nyumbani, nikaipunguza kasi ya nakala kwa kompyuta hadi kinanda cha kanda kikalingana na kinanda cha Nairobi. Sikuigusa sauti ya mwimbaji kwa namna yoyote nyingine. Nilikisawazisha kinanda tu. Sauti ilishuka yenyewe.

Nilimpelekea Mama Mkubwa. Sikumwambia kuwa alikuwa amekosea, kwa maana hakuwa amekosea. Sauti tuliyomchezea mara ya kwanza haikuwa ya mama yake. Ilikuwa sauti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuitoa. Nilimwambia hivi tu: “Mama Mkubwa, kanda ilikuwa inakimbia. Nimeitafutia mwendo wake.” Alisikiliza. Wimbo wa kinanda ukapita. Kabla ya ubeti wa kwanza kuanza, mwimbaji alisafisha koo, mara mbili, kisha kidogo. Katika kasi ya awali mlio ule ulikuwa umesikika kama mkwaruzo wa utepe. Mama Mkubwa aliinua mkono nisimamishe. Alikaa kimya muda mrefu akitazama mlangoni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, “Alikuwa anafanya hivyo kabla ya kusali.” Akaniagiza nirudishe mwanzo. Siku ile tuliandika majina yote yaliyotajwa katika bembelezi ile, naye akatueleza kila mmoja alikuwa nani na alizikwa wapi.

Kuna jambo la pili ambalo kanda lilinionyesha baada ya kupata mwendo wake, nalo lawahusu hasa wale wanaosema kuwa mashine huua mdundo wa asili. Kabla ya Kukhu kuimba, Mjomba anamjaribishia midundo. Anaweka wolzi, Kukhu anaanza, anaacha. Anaweka roki; Kukhu anacheka. Anaweka rumba, na hapo anaimba. Lakini haifuati! Anapiga makofi yake mwenyewe juu ya mashine, na mahali ambapo mashine inapiga mapigo mawili, yeye anapiga matatu. Yeyote aliyesimama karibu na ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho, ile kubwa, ile ya kati na ile ndogo, zikiandamana na pembe na njuga za chuma, atautambua ushindani huo wa mbili na tatu. Ngoma hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kukhu hakuwa ameisikia UNESCO. Alikuwa na viganja viwili na kinanda cha plastiki kisichojua kuhesabu hadi tatu wakati kinahesabu mbili, naye akaiweka isukuti katika nafasi iliyobaki.

Wala yeye hakuwa wa kwanza katika nchi yetu. Wapigaji gitaa wa mtindo wa omutibo, akiwemo George Mukabi wa Kisa aliyefariki mwaka 1963, walikuwa na mdundo wao wa kudumu: chupa ya soda ya Fanta yenye miviringo, ikikwaruzwa kwa kipande cha chuma. Abana ba Nasery wa Bunyore nao waliiendeleza chupa hiyo. Chupa ilitengenezwa kiwandani kwa ajili ya kinywaji, si kwa ajili ya Waluhya. Waluhya ndio walioipa kazi. Katika pwani na visiwani, waimbaji wa taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990 waliutia umbuji wa Kiswahili juu ya midundo ya vinanda vya umeme. Walikuwepo waliolalamika, na huenda walikuwa na sababu. Lakini ushairi haukufa; ulipanda gari jipya.

Nakiri kwamba kuna tofauti kubwa kati ya chupa mkononi mwa mtu na mdundo uliofungiwa ndani ya mashine. Mwenye chupa humsikiliza mwenye gitaa, akichoka, humpunguzia mwendo, akifurahi, huongeza. Kinanda cha Mjomba hakikumsikiliza mtu. Kilisema “po, pi, sha” kwa namna ileile mbele ya mtoto, mbele ya mlevi, na mbele ya bibi kizee aliyekuwa akiwataja wafu wake. Huo ndio ubaya wake, na wote wanaoushutumu wanasema kweli. Lakini ubaya huohuo ndio uliomwokoa Kukhu. Laiti Mjomba angempigia gitaa, ningepima nini? Gitaa hukazwa nyuzi leo hivi na kesho vile, na mpigaji wake amekufa. Ni kwa sababu mashine haibadiliki kwamba iliweza kutuambia, baada ya miaka thelathini na sita, kila kitu kilichokuwa kando yake kimebadilika kwa kiasi gani. Kilicho hai hakiwezi kuwa rula yake chenyewe. Huhitaji kitu kisicho hai pembeni, kikae kimya mahali pake, ili siku moja tuweze kukipimia.

Waliotutangulia katika kazi ya kukusanya nyimbo walilijua hili. Watafiti waliokuwa wakirekodi kwa mitungi ya nta mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya hazina ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, walipuliza filimbi ndogo yenye kidatu kinachojulikana mwanzoni mwa rekodi, ili atakayeisikiliza baadaye aweze kuirudisha katika kasi yake. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi na kuanzisha mwaka 1954 maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, alisafiri na vyuma vyenye umbo la uma, ambavyo kila kimoja hutoa sauti moja isiyobadilika kinapogongwa, akavitumia kupimia ala alizozikuta. Mjomba wangu hakuwa mtafiti. Alikuwa akijivunia kinanda chake kwa mama yake, na kwa majivuno hayo akafanya kile ambacho wanazuoni hufanya kwa makusudi.

Hivi leo wanafunzi wetu wanapokwenda nyanjani kukusanya methali, ngano na nyimbo, wanabeba simu ambazo hazina mota wala betri ya kuchoka katikati ya ubeti. Hilo ni jambo jema, lakini lisitulaze usingizi. Kanda nyingi za miaka ya 1970, 1980 na 1990 zingali katika mabati ya majani chai vijijini mwetu, na nyingi zinakimbia au zinasota. Anayeziandika beiti zake kutoka katika kasi isiyo sahihi hapotezi maneno, bali hupoteza mkazo, kidatu, pumzi na umri wa fanani. Katika lugha za Kibantu zenye toni, Lwisukha zikiwemo, hayo si mapambo. Kwa hiyo, kabla ya kunakili kanda ya zamani, msikilize kwa makini kile kilichoingia bila kualikwa: kengele ya kanisa ambayo bado ipo, mlio wa saa katika redio, kinanda cha mtoto, honi ya kiwanda. Ulizeni kilikuwa kitu gani, cha aina ipi, na kama ndugu yake bado yuko mahali. Andikeni jina lake katika daftari pamoja na la fanani.

Na mkimkuta mzee asemaye kuwa sauti iliyomo si ya mtu wake, msiharakishe kumsahihisha. Yumkini masikio yake ndiyo mazima, na mashine ndiyo inayosubiri kutafutiwa mwendo.